UZI: Faili linasema "PID 2° GC". Kwa nini N74.3 inarudishwa na N73.9 inalipwa?

#1 Karatasi_Nakuru · Jumatatu, saa 3:12 asubuhi

Wadau wa rekodi, hamjambo.

Faili la wodi ya wanawake. Miaka 27, si mjamzito, amelazwa siku nne. Muhtasari wa kumruhusu una mstari mmoja tu wa utambuzi: "PID 2° GC", yaani maradhi ya nyonga ya mwanamke (PID) kutokana na kisonono (GC). Swabu ya shingo ya kizazi imeambatishwa na maabara imeotesha kisonono. Msimbo ulioingizwa ni N74.3. Madai yamerudi kutoka kwa bima na maneno mawili tu: msimbo batili.

ICD-10, kitabu cha misimbo ya magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, nimeifungua tena. N74.3 ipo, na maelezo yake ni hayo hayo, PID ya kisonono. Faili la kitanda cha jirani, PID isiyotajwa chanzo, limepewa N73.9 na limelipwa bila swali. Inakuwaje msimbo unaoeleza zaidi ukataliwe, na ule usiosema chochote upite?

#2 Juzuu_la_Tatu · Jumatatu, saa 3:41 asubuhi

Salama, Karatasi. Rudi kwenye ukurasa huo huo utazame pembeni ya namba. Imeandikwa N74.3*, na hiyo nyota ndogo ndiyo kesi yako yote.

Kuna magonjwa ambayo ICD-10 huyapa misimbo miwili kwa pamoja: mmoja wa chanzo, mmoja wa kiungo kilichoathirika. Wa chanzo hubeba daga (†), wa kiungo hubeba nyota (*). Daga hutangulia daima. Nyota haisimami peke yake hata siku moja. Kundi zima la N74 ni la nyota, na jina lake lenyewe linasema ni maradhi ya nyonga ya mwanamke *katika magonjwa yaliyoainishwa mahali pengine*. Hapo "mahali pengine" ndipo unapotakiwa uanzie.

Jozi zenyewe ni hizi, zibandike ukutani:

A18.1† N74.0* – kifua kikuu cha shingo ya kizazi
A18.1† N74.1* – PID ya kifua kikuu
A51.4† au A52.7† N74.2* – PID ya kaswende (ya mapema au ya baadaye)
A54.2† N74.3* – PID ya kisonono
A56.1† N74.4* – PID ya klamidia
N74.8* – PID katika magonjwa mengine, na daga yake utaitafuta mwenyewe

Faili lako ni A54.2 kwanza, N74.3 pili. Ukiwa na nafasi ya msimbo mmoja tu, andika A54.2, uiache nyota.

Na usianzie Juzuu la Kwanza. Anzia faharasa, Juzuu la Tatu: neno la ugonjwa, shuka hadi nyonga, shuka hadi kisonono. Jozi utaikuta imeshafungwa pamoja. Ndipo urudi Juzuu la Kwanza kuhakiki tanbihi.

#3 Dawati_la_Madai · Jumatatu, saa 4:05 asubuhi

Naunga mkono #2, ila niongeze linalotokea upande wa pili. Programu nyingi za kukagua madai zina jedwali la misimbo isiyoruhusiwa kukaa nafasi ya kwanza, na N74 na N77 zimo. Ukiweka N74.3 kwenye kisanduku cha utambuzi mkuu, dai linaanguka kabla jicho la mtu halijaligusa. Hakuna aliyesoma faili wala swabu. N73.9 haina nyota, kwa hiyo ilipita. Ni hilo tu.

#4 Nukta_Tano · Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Mimi sikubali kwamba "ni hilo tu". Someni neno lililorudi: *batili*. Jedwali la #3 likikataa nafasi, ujumbe kwa kawaida husema haufai kuwa mkuu. "Batili" maana yake mfumo hauujui kabisa msimbo huo.

Nadhani orodha iliyomo ndani ya programu ni ya Kimarekani. Marekani hutumia toleo lake, ICD-10-CM, tangu Oktoba 2015, nalo limeivunja mipangilio hii. Humo N74 haina nukta wala kitu mbele yake, ni N74 basi, na PID za zinaa na za kifua kikuu zimeondolewa humo kabisa. PID ya kisonono ni A54.24. Ya klamidia ni A56.11. Ya kifua kikuu ni A18.17. Kila moja ni msimbo mmoja unaobeba chanzo na kiungo kwa pamoja, na daga hazipo. Ukiingiza N74.3 kwenye orodha hiyo, ni kweli haipo.

Karatasi, andika A54 kwenye orodha yako ya kubofya uone kama kuna zenye tarakimu mbili baada ya nukta.

#5 Afisa_Kliniki_Kakamega · Jumatatu, saa 5:02 asubuhi

Niseme kidogo kutoka upande wetu tunaoandika hizo "2°".

Alama hiyo maana yake "kutokana na". Ni tarakimu moja na duara dogo, na kwa haraka ya raundi duara hilo hupotea. Ikisomeka "PID, GC", anayeweka msimbo anaona magonjwa mawili yaliyoandikwa sambamba bila kiungo. Ikisomeka "PID 20 GC" anaona upuuzi. Kwa hiyo maafisa wenzangu mnaosoma, tuandike neno zima. Maneno mawili zaidi hayamchelewishi mgonjwa.

Pili, faili la Karatasi lina bahati ya kuwa na kipimo. Wengi wa kina mama wenye maumivu ya chini ya tumbo hutibiwa kwa mwongozo wa dalili: dawa hufunika kisonono, klamidia na bakteria wasiotaka hewa kwa pamoja, bila kusubiri maabara. Dawa ya kisonono kwenye karatasi ya matibabu haithibitishi kisonono. Tafadhali msichukue sindano ya seftriaksoni mkaigeuza A54.2. Hiyo ni N73.9, na ni sahihi kabisa kuwa N73.9.

#6 Karatasi_Nakuru · Jumatatu, saa 5:20 asubuhi

Asanteni. @Nukta_Tano nimeangalia. Orodha ina A54.2, A54.24, N74 tupu na N74.3. Zote nne zimo!

#7 Juzuu_la_Tatu · Jumatatu, saa 5:33 asubuhi

Hapo kuna hatari kubwa kuliko dai moja. Mtu ameunganisha orodha mbili bila kuzichuja. Koda wa asubuhi atabofya A54.24, wa jioni atabofya A54.2 na N74.3, na mwisho wa mwezi ugonjwa mmoja una mistari miwili. Kisonono cha nyonga kitaonekana kimepungua nusu huku wagonjwa ni wale wale.

Kwa matoleo ya Shirika la Afya Duniani, A54.2 ndiyo inayobeba kisonono cha nyonga, na tarakimu baada ya nukta huishia moja kwa sehemu hii ya kitabu. Ukiona mbili kwenye A au N, jua umevuka bahari.

@Afisa_Kliniki_Kakamega, kwa N73.9 nakubali, ila mkitusaidia neno "ya ghafla" au "sugu", na mahali penyewe, tunapata zaidi. Mirija na ovari ni N70: N70.0 ya ghafla, N70.1 sugu, na humo ndimo mrija uliojaa maji unapoingia. Jipu la mrija na ovari pia ni N70. Mfuko wa uzazi ni N71, shingo ya kizazi N72. Tishu za pembeni ya uzazi ni N73.0 ya ghafla na N73.1 sugu, utando wa nyonga N73.3 na N73.4, mshikamano N73.6. N73.9 ni ya pale ambapo kweli hatujui chochote zaidi ya "PID".

#8 Dala_Data · Jumatatu, saa 6:48 mchana

Nimekaa na takwimu za kaunti kadhaa za Nyanza na ninaleta maelezo ya tatu: huenda alama yenyewe ndiyo inayoua dai.

Orodha zikisafirishwa kama faili la maandishi, † hugeuka. Faili likihifadhiwa kwa usimbaji mmoja na kufunguliwa kwa mwingine, A54.2† inatoka kama A54.2â€ na takataka nyuma yake. Ndiyo maana orodha nyingine huandika + badala ya †. Mfumo wa upande wa pili unalinganisha herufi kwa herufi: N74.3 na N74.3* kwake ni vitu viwili tofauti. Kama orodha yao imehifadhiwa na nyota na wewe umetuma bila nyota, jibu ni batili. Kinyume chake pia.

Na tukiwa hapo hapo: kwenye Excel, nyota ni alama ya "chochote". Ukihesabu N74* unahesabu kundi zima, pamoja na za Kimarekani. Kibaya zaidi, mtu akitaka kufuta nyota kwenye safu, anaandika * kwenye sehemu ya kutafuta, anaacha sehemu ya kubadilisha tupu, anabonyeza kubadilisha zote. Safu nzima inabaki nyeupe, kwa sababu kila kisanduku ni "chochote". Andika ~* ndipo ataitafuta nyota yenyewe.

#9 Dawati_la_Madai · Jumatatu, saa 7:15 mchana

@Dala_Data hiyo ya ~* ingetuokoa mengi. Asante.

#10 Mpaka_Busia · Jumatatu, saa 8:02 mchana

Wakubwa, samahani kwa kuingilia. Sisi zinatusumbua za kifua kikuu. Mama ana maji tumboni na uvimbe wa nyonga, daktari anaandika "TB ya nyonga", GeneXpert (kipimo cha kifua kikuu) ya makohozi ni hasi. Kuna anayesema bila GeneXpert chanya huwezi kuweka A18.1. Ni kweli?

#11 Juzuu_la_Tatu · Jumatatu, saa 8:20 mchana

Si kweli, na anayesema hivyo amechanganya milango. Tofauti ya kuthibitishwa na kutothibitishwa ni ya mfumo wa hewa peke yake: A15 imethibitishwa, A16 haijathibitishwa. A18 ni ya viungo vingine na haina mgawanyo huo. Makohozi hasi hayazuii A18.1.

Lakini tazama maji ya tumbo. Kifua kikuu cha utando wa tumbo ni A18.3† K67.3*. Cha nyonga ya mwanamke ni A18.1† N74.1*. Daktari akiandika "TB ya nyonga" basi ni A18.1. Akiandika "TB ya tumbo" huwezi kumhamishia nyonga kwa kuwa mgonjwa ni mwanamke. Akiandika zote mbili, jozi zote mbili zinaingia. Kisonono nacho kina mlango kama huo: kikivuka nyonga kikapanda kwenye utando wa tumbo, ni A54.8† K67.1*.

#12 Nukta_Tano · Jumatatu, saa 8:44 mchana

Na akiandika "?TB ya nyonga", na mgonjwa ameruhusiwa hivyo hivyo? Mimi husema weka dalili: maumivu ya nyonga, R10.2. Alama ya kuuliza si utambuzi.

#13 Juzuu_la_Tatu · Jumatatu, saa 8:59 mchana

Hiyo kanuni uliyonayo ni ya Marekani tena, na hata huko ni ya wagonjwa wa nje. Juzuu la Pili linasema wazi: kama hadi mwisho wa huduma utambuzi umebaki wa kushukiwa na hakuna taarifa nyingine, unawekwa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Kwa hiyo A18.1† N74.1*. Z03 ni ya kitu kilichoshukiwa, kikachunguzwa, kikaondolewa.

#14 Afisa_Kliniki_Kakamega · Jumatatu, saa 9:10 alasiri

Mwalimu, kanuni naiheshimu, ila moyo wangu unakataa. Huyo mama ataingia kwenye takwimu za kifua kikuu akiwa na alama ya kuuliza. Kesho kutwa akipatikana na saratani ya ovari, ambayo nayo huleta maji tumboni na uvimbe, ile A18.1 itabaki pale pale kwenye KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa Kenya. Nani anarudi kuifuta?

#15 Juzuu_la_Tatu · Jumatatu, saa 9:26 alasiri

Daktari, msimbo unaeleza alichokiandika daktari wa safari hiyo ya huduma. Akirudi, safari ya pili ina msimbo wake. Dawa ya alama ya kuuliza iko mikononi mwenu kabla ya kutia saini. Dawati la rekodi haliwezi kuwatibia hilo.

#16 Mpaka_Busia · Jumatatu, saa 9:31 alasiri

Nimewasikia nyote wawili. Kwangu faili litarudi wodini kwanza na karatasi ya swali juu yake. Likirudi vile vile, naandika A18.1.

#17 Vihiga_Wodi_Nne · Jumatatu, saa 10:17 jioni

Mkizungumzia PID mniruhusu niwakumbushe ile ya wodi ya wanaume. Mwanamume, miaka 51, "PID L4/L5", na mfumo unagoma kupokea N73.9 kwa sababu ya jinsia. Hiyo PID ni ya diski ya uti wa mgongo iliyotoka mahali pake, M51.2.

#18 Dala_Data · Jumatatu, saa 10:25 jioni

Hahaha, jinsia ilimwokoa. Angekuwa mwanamke msimbo ungepita kimya kimya.

Na hiyo diski inafundisha jambo. Ikibana neva hadi maumivu yakashuka mguuni, ni M51.1† G55.1*. Hapa daga ni M na nyota ni G. Kuna programu zinazopanga misimbo kwa alfabeti kabla ya kutuma. Kwa N74 unaokoka kwa bahati, kwa kuwa A na B hutangulia N. Kwa diski, G inaruka mbele ya M, nyota inakuwa ya kwanza, dai linaanguka, na koda analaumiwa ilhali aliingiza sawasawa. Kila dai la jozi lililorudi, ombeni kuona mpangilio *uliotumwa*, msitazame ule wa kwenye skrini yenu.

#19 Upepo_wa_Homa_Bay · Jumatatu, saa 1:40 usiku

Hamjambo nyote. Swali langu ni la kichocho cha sehemu za siri. Baiopsi ya shingo ya kizazi imerudi na mayai ya kichocho. N74.0 ni ya kifua kikuu pekee. N72 haina pa kutaja kichocho. Tunafanyaje?

#20 Nukta_Tano · Jumatatu, saa 1:58 usiku

B65.1 kwanza, N74.8 pili.

#21 Upepo_wa_Homa_Bay · Jumatatu, saa 2:06 usiku

Kwa nini B65.1?

#22 Nukta_Tano · Jumatatu, saa 2:09 usiku

Kwa sababu kandokando ya ziwa kichocho chetu ni mansoni.

#23 Maabara_Kano · Jumatatu, saa 2:31 usiku

Nukta, tafadhali usiweke msimbo kwa jirani wa ziwa. Soma ripoti. Yai lenye mwiba ubavuni ni mansoni, hilo ni B65.1. Yai lenye mwiba kwenye ncha ni haematobium, hilo ni B65.0. Mansoni hukaa zaidi kwenye mishipa ya matumbo. Haematobium hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu na nyonga, na ndiye anayesababisha sehemu kubwa ya kichocho cha uke na shingo ya kizazi, yale mabaka yanayofanana na chembe za mchanga. Mansoni hupatikana huko pia, lakini kwa nadra. Ripoti isiposema mwiba uko wapi, piga simu maabara, slaidi bado ipo. Ikishindikana kabisa, B65.9.

#24 Juzuu_la_Tatu · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Asante, Maabara. Kwa nyota nami sina jibu moja. N74.8* inachukua "magonjwa mengine", na N74 ni maradhi ya nyonga. Shingo ya kizazi imo kwa kuwa N74.0 ya kifua kikuu imewekwa humo. Kwa hiyo kichocho cha shingo ya kizazi naona N74.8*. Kikiwa kwenye uke au vulva, ni N77: vidonda vya vulva N77.0*, mwasho na uchafu N77.1*.

#25 Dawati_la_Madai · Jumatatu, saa 3:04 usiku

Mimi ningeweka B65.0 na N72, na hapo utapata msimbo wa pili usio na nyota. N72 ni uvimbe wa shingo ya kizazi, na hiyo ndiyo hali ya mgonjwa.

#26 Juzuu_la_Tatu · Jumatatu, saa 3:11 usiku

N72 inakaribisha msimbo wa ziada wa kijidudu kutoka B95 hadi B98. Kichocho hakimo humo. Huo ndio mpaka ninaoushika: kama chanzo ni *kijidudu* tu, mathalan E. coli, unatumia N70 hadi N73 ya kawaida na B96.2 nyuma yake. Kama chanzo ni *ugonjwa wenye msimbo wake*, kisonono, kifua kikuu, kichocho, basi ugonjwa huo unatangulia na nyota inafuata. PID ya E. coli kuwekwa N74.8 ni kosa ninaloliona karibu kila mara ripoti ya kuotesha inapoambatishwa.

#27 Dawati_la_Madai · Jumatatu, saa 3:15 usiku

Kwa E. coli nakubali. Kwa kichocho bado nasimama na N72.

#28 Nyota_ya_Bungoma · Jumanne, saa 2:20 asubuhi

Mmeigusa N77 mkaikimbia, na ndiyo inayotujazia madawati ya wagonjwa wa nje. Fangasi za uke ni B37.3† N77.1*. Malengelenge ya sehemu za siri ni A60.0† na N77.0* ikiwa ni vidonda vya vulva, N77.1* ikiwa ni mwasho. Minyoo wadogo weupe wa njia ya haja kubwa, kwa wasichana wadogo wanaojikuna, ni B80† N77.1*. Trikomonasi ni A59.0 peke yake. Jipu la tezi ya Bartholin ni N75.1, lakini likithibitishwa kuwa la kisonono linahamia A54.1.

Na fangasi kwa mtu anayeishi na VVU zinagombanisha watu. Kuna wanaoweka B20.4 kila wanapoona neno fangasi na neno VVU kwenye ukurasa mmoja.

#29 Afisa_Kliniki_Kakamega · Jumanne, saa 2:47 asubuhi

Dada, hapo nakuunga mkono kwa nguvu. Mwanamke yeyote hupata fangasi za uke. B20.4 inasema VVU *imesababisha*. Kama sijaandika kwamba nimehusisha, usinihusishie. Kwa kifua kikuu sisi tunahusisha, hiyo ni B20.0, na A18.1 yaweza kufuata kuonyesha ni cha wapi.

#30 Uzazi_Siaya · Jumanne, saa 4:12 asubuhi

Naona Karatasi aliandika "si mjamzito" kwenye #1. Ni neno la maana kuliko linavyoonekana. Kundi lote la N70 hadi N77 halihusu ujauzito, uzazi wala kuharibika kwa mimba. Maambukizi ya njia ya uzazi kwa mjamzito ni O23.5. Kisonono kwa mjamzito ni O98.2. Baada ya kujifungua ni O85 au O86. Mimba ikiharibika na maambukizi yakaja katika safari hiyo hiyo, tarakimu ya nne ya O03 hadi O06 inabeba: .0 kama haijatoka yote, .5 kama imetoka. Akirudi baadaye na maambukizi tu, ni O08.0. Tarehe ya hedhi ya mwisho isipokuwepo kwenye faili, msiweke N chochote kabla ya kuuliza.

Na hiyo O ni herufi. Nimeona 085 na 098.2 zimeandikwa kwa sifuri. Hiyo nayo hurudi "batili", na kwa macho huoni tofauti.

#31 Dala_Data · Jumanne, saa 4:30 asubuhi

ICD-11 imeliona hilo, imeacha kabisa herufi O na I. Pia imeondoa daga na nyota. Misimbo inaunganishwa kwa mkwaju: cha chanzo / cha kiungo, na vya ziada vinavyoanza na X vinafuata alama ya &. Imeanza kutumika rasmi Januari 2022.

Ila tahadhari ya Excel inabaki. Herufi ya pili ya msimbo wa ICD-11 ni herufi daima, na inapokuwa E, Excel inadhani ni namba kubwa. Homa ya ini ya virusi ya ghafla ni 1E50. Ukiiandika kwenye kisanduku cha kawaida inageuka 1.00E+50. Weka safu iwe ya maandishi *kabla* ya kubandika. Ukibadilisha baadaye umechelewa, msimbo umeshapotea.

#32 Mpaka_Busia · Jumanne, saa 4:41 asubuhi

Na koili je? PID kwa mama mwenye koili?

#33 Uzazi_Siaya · Jumanne, saa 4:55 asubuhi

Daktari akisema koili ndiyo chanzo, T83.6. Kama koili imo tu, na hajaihusisha, ni PID ya kawaida. Mwulize.

#34 Karatasi_Nakuru · Jumanne, saa 9:18 alasiri

Wadau, nimetuma upya: A54.2 kwanza, N74.3 pili, bila alama, herufi zimehakikiwa. Limerudi tena. Safari hii: "msimbo wa pili batili". Wa kwanza umepokelewa.

#35 Nukta_Tano · Jumanne, saa 9:25 alasiri

Ndicho nilichosema tangu #4. Upande wao N74.3 haipo kabisa. Wanasoma orodha ya Kimarekani, na A54.2 imepita kwa kuwa ni kichwa cha A54.24.

#36 Dawati_la_Madai · Jumanne, saa 9:33 alasiri

Orodha ya Kimarekani ingekataa A54.2 pia, kwa sababu kichwa kisicho na tarakimu ya mwisho hakilipwi huko. Hapa kimepokelewa. Mimi naona mfumo wao una jedwali la misimbo *mikuu* tu, nyota hazikuingizwa kabisa, na safu ya pili inahakikiwa kwa jedwali hilo hilo.

#37 Dala_Data · Jumanne, saa 9:40 alasiri

Au zimeingizwa zikiwa na nyota. Karatasi, tuma moja ya majaribio ukiandika N74.3* kwa nyota, nyingine N743 bila nukta. Usibadilishe kingine chochote, ili tujue ni kipi kilichofanya kazi.

#38 Juzuu_la_Tatu · Jumanne, saa 9:52 alasiri

Fanya majaribio ya Dala. Lakini kwenye rejista yako na kwenye faili, acha jozi kamili ibaki vile ilivyo. Hata bima ikiilipa A54.2 peke yake, usiifute N74.3 kwenye karatasi ya mgonjwa, na usije ukashuka hadi N73.9 kwa kuwa ndiyo inayopita.

#39 Karatasi_Nakuru · Jumanne, saa 10:06 jioni

Sawa, mwalimu. Jozi imebaki faili, kwa wino. Mbili za majaribio zimetumwa sasa hivi, N74.3* saa 10:03 na N743 saa 10:05. Zikirudi nitaweka majibu hapa neno kwa neno.